Mguu wa Kushoto

Ubao wangu niliukata kwenye samadari iliyovunjika,
ule upande wa miguuni, wenye ua la kuchonga,
nikafungia pedali nne kwa mikanda ya viatu.
Bandarini Mkoani afisa alifungua mkoba wangu,
akavitazama vikebe:
"Hii ni mitego ya panya?"
Ni za besi, afande. Zinabadilisha sauti.
Akatazama tena. "Kwani sauti yake ya kwanza ina nini?"

Sikuwa na jibu, na nyuma yangu watu wanasukumana na magunia.

Ya kwanza ni kompresa: hushika pigo kubwa na pigo dogo
ikayapima kwa kibaba kimoja.
Hiyo siizimi.
Ya pili oktava: ukigusa noti, yenyewe hukuzalia nyingine chini,
mtu anayetembea chumba cha chini na wewe hujui kuna mpangaji.
Ya tatu koras, imeingia chumvi,
huitika siku inayotaka.
Ya nne nyekundu.
Nyekundu inakwaruza, na Haji Vuai, mwenye fidla na mwenye kikundi,
ameipiga marufuku tangu Mwembetanga:
"Taarabu haikohoi, bwana."
Naibeba hivyo hivyo. Ubao bila hiyo unapinda.

Wete, ukumbini, jukwaa limetandikwa mkeka mpya,
viatu vyote mlangoni.
Wengine nasikia hukanyagia buti;
mimi ni kidole gumba cha kushoto,
nacho kimeshajua kusoma gizani.
Jenereta ilikuwa na noti yake, haimo kwenye maqam yoyote,
pedali zikainywa na kuitapika kwenye spika.
Nikachomoa waya, nikatia betri,
zile za mraba unazozigusa kwa ulimi
ujue ipi hai ipi maiti.
Mpiga ganuni akanitazama nalamba betri mbele ya biharusi.
Hakusema kitu.

Basi Saada akaufikia ule ubeti wenye mwiba.
Ukumbi ukanyanyuka, noti vidoleni, kanga mabegani,
na mbele ya wote Bi Mize, somo wa biharusi,
mwili wake unakuja taratibu kama mwenye nyumba anayekagua nyumba,
macho kwa Saada, mkono juu,
na kisigino, kisigino chenye piko mpaka kwenye tindi,
kikatua juu ya nyekundu.

Lo.
Kama bati linaburutwa juu ya matumbawe.
Gilasi za sharubati zikagongana zenyewe kwenye sinia.
Fidla zote zikasita. Haji Vuai akanigeukia
na mimi nikamwonesha kwa kidevu: si mguu wangu!
Bi Mize akauinua wake upesi,
lakini pedali haizimiki kwa kuinua mguu,
sharti ukanyage tena,
na mngurumo ukabaki pale, umekaa, haujui pa kwenda,
maana vidole vyangu navyo, nisiseme uongo,
havikuacha kupiga.

Akanitazama. Nikapandisha nyusi.
Akakanyaga: kimya, besi safi, ya adabu.
"Kumbe!"
Akakanyaga tena.

Wallahi yule mama ana mapigo.
Kila Saada alipolitupa neno, yeye akalishindilia kwa kisigino,
wakwaruzwe waliokusudiwa,
na waliokusudiwa walikuwepo, safu ya tatu, kwenye feni.
Vigelegele vikaifunika jenereta.
Ile elfu kumi ya Saada akaipenyeza kwenye mkanda wa kiatu,
baina ya koras na oktava, akarudi kukaa,
anahema, anajipepea, hamtazami mtu.

Usiku, tunakunja waya, Haji Vuai akaja juu yangu:
"Marufuku iko pale pale."
Akafunga kasha la fidla. Akalifungua. Akalifunga.
"Labda awepo yule mama."

Nikaitoa betri ya nyekundu, nikaigusisha ulimi.
Bado inauma.