Pambizoni

Punta Arenas upepo haubishi hodi.
Kwenye kona ya mahakama wamefunga kamba
kutoka nguzo hadi nguzo, watu washike wasipeperushwe,
na kila asubuhi naishika, funguo nimeziuma menoni,
mimi karani wa chumba namba tatu,
mpiga chapa wa ndoa za watu.

Sheria nimejifunza kwa vidole.
Najua kwamba nyumba aliyokuja nayo bibi harusi
ni yake, hata kama bwana ameipaka rangi mara nne.
Najua kwamba jiko lililonunuliwa baada ya pete
ni la wote wawili, na halikatwi kwa msumeno.
Najua matunzo si zawadi:
hulipwa tarehe tano, iwe theluji, iwe mapenzi mapya.
Mtoto hagawanywi.
Kinachogawanywa ni Jumamosi zake.

(Hili la Jumamosi nalijua kwa mwili wangu.
Binti yangu Rosaura huja na mkoba mwekundu,
huondoka na mkoba mwekundu,
na soksi moja hubaki chini ya kitanda.
Sijawahi kuirudisha.)

Leo ni Nélida Oyarzo, mshona mapazia,
na mpwa wake Baltazar, miaka saba,
mwenye mafindofindo yaliyovimba hadi anakoroma akiwa macho.
Dada mtu alifariki Juni. Daktari yupo, kitanda kipo,
kisu kipo. Kinachokosekana ni sahihi.
"Wewe ni nani kwake?" walimuuliza hospitalini.
"Mimi ndiye ninayemwogesha."
Fomu haina mstari wa kuogesha.

Jaji Iturriaga anavua miwani. Anaeleza polepole,
kama mtu anayemimina chai kwenye kikombe chenye ufa:
Ulezi si umiliki, mama.
Utatia sahihi shuleni, hospitalini, kwenye pasipoti.
Akiba ya marehemu ni ya mtoto; utaitunza, hutaila,
na kila Machi utaniletea hesabu, hadi bei ya kamba za viatu.
Nélida anaitikia kila koma.
"Na baba?"

Baba ni mkata manyoya ya kondoo, ng'ambo ya mlango wa bahari,
na kivuko hakijavuka tangu juzi.
Fomu yangu ina visanduku vitatu:
amefariki,
hajulikani alipo,
amemtelekeza mtoto.
Saa ya wito imepita. Kanuni ni kanuni.
Nabonyeza cha tatu.

Saa tano na dakika kumi mlango unajibamiza ukutani.
Nadhani ni upepo,
kumbe ni Evaristo Mansilla, viganja vinang'aa mafuta ya sufu,
amelala garini gatini siku mbili.
Hapingi chochote.
"Nalala bandani na wanaume kumi na wanne, mheshimiwa.
Si mahali pa koo la mtoto. Mpeni mama yake mdogo."
Kisha anaona kioo cha kompyuta yangu, kimegeuka kidogo,
anasoma kwa kidole, silabi kwa silabi.
"Hilo," anasema. "Hilo neno siku moja atalisoma."

Kipasha joto kinapiga kidoko.
Jaji ananitazama. Mimi namtazama mtoto:
anachora kondoo wa miguu mitano nyuma ya hati ya wito.
"Pambizoni pana nafasi," anasema jaji. "Andika."
Nikafuta. Nikaandika, nje ya visanduku vyote:
Baba amemkabidhi mtoto mwenyewe, mbele ya mahakama,
na atakuja kila kivuko kitakapovuka.
Jaji akaongeza, maana mtoto hali machozi:
Na atalipa tarehe tano.

Nilipotoka niliwaona kwenye kona,
Nélida mbele, Evaristo nyuma,
wanabishana kuhusu kofia ya sufu ambayo mtoto haitaki,
mkono mmoja mmoja kwenye kamba.

Nikafika nyumbani, nikainua kitanda.
Soksi kumi na moja.
Nikazifua.