Kichwa Upande

Jumanne, kabla ya chai, nilimkuta Kisigino
katikati ya jikoni, kichwa upande,
kama mtu anayesoma bei iliyobandikwa vibaya.
(Jina ni la Mideva, mjukuu wangu:
simbilisi huyo hulala ndani ya kiatu changu cha kanisani.)

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.
Mideva hakucheka. Alipiga magoti kwenye saruji.
"Guku, tazama. Anapajua kushoto tu."

Kweli. Akiyaendea majani ya viazi anazunguka,
anazunguka tena, kama maji ya beseni yakitafuta tundu.
Wenzake wawili wakala fungu lake.
Yeye, ambaye nikishika tu kisu cha sukuma
hupiga mluzi hadi kwa Vugutsa wasikie,
leo kimya.
Mguu wa nyuma ukapanda, ukakuna, ukakosa, akaanguka.

Nikamkunja kwenye kanga, nikapekua sikio lile
jembamba kama ua la boga.
Nta ya kahawia. Chini yake kitu cha manjano, kinanata,
na harufu.

Harufu hiyo naijua.

Nilikuwa darasa la tatu. Mto wangu ulikuwa na doa kila asubuhi.
Shangazi alimimina mafuta ya moto,
mwingine akaleta maziwa ya mbuzi, mwingine unyoya wa kuku.
Kila mtu alikuja na dawa.
Hakuna aliyekuja na kurunzi.
Baadaye niliajiriwa posta ya Kakamega, kuunganisha simu,
miaka kumi na tisa, chombo sikio la kulia,
na bosi hakujua kwamba la kushoto
ni pambo tu la kuning'inizia hereni.

Basi Vugutsa aliposema, "Hiyo ni mboga, ipike kabla haijakonda,"
nilimpa chai, sikumpa jibu.
Aliposokota pamba kwenye njiti ya kiberiti
nilimshika mkono.

Kijana wa duka la dawa za mifugo, Chavakali,
alinipimia vidonge, akanikatia kwa wembe:
"Penisilini, mama. Hata kuku wanapona."
Nilikuwa nimeshatoa pesa.
Mideva akanivuta sketi: "Tumuulize anayetibu, si anayeuza."

Daktari Chesoli ni mtu wa ng'ombe.
Mikono yake ilinuka ndama aliyezaliwa saa hiyo.
Akamulika sikio la kushoto, akamulika la kulia,
akatazama macho yanavyochezacheza,
akaviona vidonge mkononi mwangu, akavitia mfukoni mwake.
"Hivi, akivimeza, tumbo lake litakufa kwanza
halafu yeye afuate."
Akaandika dawa nyingine, ya maji.
"Mngengoja Jumamosi, msingenihitaji.
Mnyama mdogo hana akiba. Akigoma kula leo, njoo leo."
Mia nane. Nikalipa mia tano, na mapera.

Siku kumi na nne, asubuhi na jioni:
bomba lisilo na sindano, pembeni mwa jino, polepole.
Nyasi zilizotwangwa, pera lililopondwa.
Gazeti jipya chini, taulo kuukuu ubavuni asibingirike.
Mideva akiandika saa kwenye daftari la hesabu
na mwalimu akampigia alama ya kosa.

Siku ya tisa, usiku, Kisigino alipiga mluzi.
Mimi sikusikia.
Nilikuwa nimelalia sikio zima.
Mideva alikuja gizani, akanitikisa bega,
akanivuta hadi jikoni bila viatu
ili nisikie.

Siku hizi anatembea wima, karibu wima.
Daktari anasema shingo huenda ikabaki hivyo.
Anakula. Amerudi kiatuni.

Ukituita kutoka mlangoni
utaona vichwa viwili vikiinamia kushoto.
Usicheke.
Ita tena, kwa sauti zaidi kidogo.