Mlango Mbele ya Mlango

Kidole chake cha mwisho kilikuwa kipimo.
"Kikipita hiki, hata nyoka atapita,"
alisema Lothar, akikisukuma kwenye waya
jicho baada ya jicho, kizimba kizima,
mzee wa miaka sabini na minane, mlehemu wa reli mstaafu,
baba wa mume wangu,
na jasho la Januari la Bonde la Lockyer
likimchuruzika hadi ndani ya buti.

Mimi niliona ni uzee tu.
Upande wa mashariki waya ulipoliwa na kutu
nikabandika kipande kilichosalia kwenye banda la kuku,
kila jicho upana wa sarafu ya dola moja.
Niliokoa dola kumi na nne.
Nilijisifu mezani.

Chatu mchanga, unene wa mpira wa kumwagilia,
alipita pale kama uzi katika sindano.
Hakuvunja kitu. Hakubisha hodi.

Asubuhi nikahesabu chiriku: kumi na mmoja.
Nikahesabu tena: kumi na mmoja.
Jana walikuwa kumi na watatu.
Na pale chini, kando ya bakuli la mtama,
kichwa nje ya waya, tumbo ndani,
vifundo viwili mwilini:
aliingia mwembamba, mnene hakutoka.
Shibe, mwana malevya, imemtia pingu.

Nilingoja kukaripiwa.
Lothar alikata waya kwa koleo, taratibu, asimkwaruze,
akamtia kwenye foronya ya maua ya marehemu Hedwig
(sheria ya huku humlinda chatu kuliko chiriku)
akamshusha hadi kijitoni.
Aliporudi alisema neno moja: "Siki."

Siki! Mita sita za waya mpya tulizisugua
kwa brashi na siki hadi machozi yakatutoka,
kwa kuwa zinki mpya hung'aa kama peremende
na kasuku hulamba king'aacho,
kisha hutetemeka, kisha basi.
Tukafukia waya mwingine mtaroni, umekunjwa kuelekea nje,
panya na mbweha wachimbe hadi kucha ziwaume.
Tukatundika taa hafifu kwa ajili ya wale wenye kishungi
ambao kivuli cha popo tu huwatoa usingizini
wakajibamiza gizani hadi mbawa zikavuja damu.
Mwisho akajenga kijibaraza, mlango mbele ya mlango:
unaingia, unafunga nyuma yako, unasimama,
unahesabu hadi tatu,
ndipo unafungua wa pili.

"Ndege hatoroki kwa kuwa anakuchukia," aliniambia,
misumari ikiwa bado mdomoni.
"Anatoroka kwa kuwa pamefunguka."

Sasa yuko Toowoomba, nyumba ya wazee wanaosahau.
Mara mbili, majira ya baridi,
alikutwa barabarani na pajama, akiitafuta karakana.

Jumapili nilikwenda. Mlango wa kwanza
ukajifunga nyuma yangu kwa mlio wa komeo zito.
Nikasimama kwenye kijichumba cha vioo,
nikabonyeza tarakimu nne,
nikajikuta nahesabu: moja, mbili,
na wa pili ukafunguka.

Alikuwa papo hapo, mgongo kwangu.
Alipapasa fremu. Alipapasa bawaba.
Aliinama kwa shida hadi ukingo wa chini
akajaribu kupitisha kidole cha mwisho kwenye mwanya.
Hakikupita.
"Aliyejenga hapa," alisema kwa fahari, "kazi anaijua."

Kisha akanigeukia, kwa adabu,
kama mtu anayemkaribisha mgeni asiyemfahamu:
"Funga upesi, bibi.
Wasije wakatoka."