Chokaa Hunywa Pumzi

Mbele ni jiwe la rangi ya asali, limechongwa likanyooka.
Zunguka nyuma: matofali, kisha mbao za mwaloni
zilizopinda kama mgongo uliozoea gunia.
Nyumba hii ya Aldersley, kijiji cha Shropshire,
ilivaa uso kwa ajili ya barabara.
Kisogoni haikuona haja.

Bi Hester Colclough ananisomea daftari:
mwaloni, miaka mia nne na hamsini;
jiwe, mjukuu aliyeoa fedha ya sukari.
Hapo kwenye sukari anakohoa kidogo,
anafunua ukurasa.

Madirisha ya magharibi ni kumi na manne.
Matano ni rangi nyeusi tu juu ya lipu,
na vijiti vyeupe vimechorwa viwe fremu:
yalizibwa serikali ilipotoza kodi ya madirisha.
Kumbe tajiri naye hubana.

Mimi nimeitwa kwa ngazi ya watumishi,
nyembamba, imefichwa katikati ya kuta mbili
ili makaa yapande na ndoo za chooni zishuke
bila jicho la mgeni kukwazika.
Baba alinifunza chokaa kule Pangani:
iloweke, isahau, irudie.

Nabandua. Nywele za ng'ombe bado zimeshika,
nyekundu, kama zilizonyolewa jana.
Husemwa ukuta una masikio.
Huu una dole gumba,
la mtu aliyejaribu kama umekauka.
Ulikuwa bado.

Na ndani zaidi, kiatu cha mtoto, cha ngozi, kimoja,
kilichotiwa humo kufukuza baya.
Bi Hester anakipa namba: mia mbili na saba.
Mwenye mguu hana hata hiyo.

Ukumbini zimebaki alama za picha za mababu,
miraba iliyokoza kwenye hariri iliyopauka.
Wenyewe waliuzwa mnadani,
mmoja mmoja,
kulipia paa.

Chokaa haikauki kama tope. Hunywa hewa,
hunywa taratibu, mwezi baada ya mwezi, hata irudi jiwe.
Basi aliyepiga mluzi hapa, aliyelaani,
aliyehema na ndoo kwenye kidato cha kumi na tisa,
pumzi yake imo. Ndiyo ukuta.

Nachanganya upya, napaka, nalainisha.
Bi Hester yuko chini, anauliza kama nimemaliza.
Namjibu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika,
mdomo wangu karibu kabisa na ubichi.