Mitego Minne

Prosesa imenipa mitego minne tu,
haiongezeki hata ukilia.
Mmoja nimeutega kwenye anwani ya kumbukumbu
ambapo mtu, sijui nani, anaandika sifuri
kila nikigeuka.

Saa nane usiku, Kadutu. Saa ya mashini inabisha hodi
mara elfu kwa sekunde, na kila hodi kiini huacha kazi,
hupanga rejista zake juu ya rundo
kama sahani zisizokauka bado,
huitika kwa ufupi, hurudi.

Ndipo sauti ya Mama Cibalonza toka bondeni:
«Maji imefika! Mulete mabido!»
Mtelemko mzima unafungua milango.
Naandika kiganjani mstari niliofikia,
mia nne na kumi,
nabeba mabido mawili ya njano, nateleza kwenye tope,
nasukumwa nyuma ya foleni.

Niliporudi kiganja kililowa, namba imeyeyuka.
Lakini mtego ulikuwa umenasa.
Mwandishi wa sifuri: kishughulikia hodi changu mwenyewe,
nilichokiandika Mei, usiku wa homa,
kikasahau kurudisha rejista moja.

Nikatega wa pili, juu ya amri yenyewe.
Ukanasa. Nikaachilia.
Ukanasa palepale, na tena, na tena,
mpaka nilipokumbuka biti ile ndogo ya ruhusa:
mara hii, pita.

Bomba limekauka huko chini.
Bado nasikia wanagombana nani alikuwa mbele ya nani.