Alama ya Kuuliza

Usiku wa kuamkia Jumatatu nilijenga mji usio na udongo:
ruta nne, swichi mbili, seva moja,
vyote ndani ya kompyuta ya ofisi, ile ya feni inayokohoa,
ghorofani, Barabara ya Saba, Ngamiani.
Matawi nikayaita Pongwe, Makorora, Chumbageni.
Kisha nikauharibu kusudi, mahali patatu,
kama bibi adondoshaye sindano mkekani
aone mjukuu yupi ana macho.

Asubuhi wakaja saba. Baiskeli zikaegemea ukuta wa duka la vitenge.
Bwana Shekivuli alitandaza vyeti vitano vyenye nailoni.
Nikamwambia: Pongwe haisikii Makorora. Una dakika arobaini.
Akaandika amri mbio mbio, akafuta, akaandika,
akazima ruta, akaiwasha,
dakika ya thelathini na nane akasema mtandao wenyewe mbovu.
Kweli. Ndiyo kazi yenyewe.

Mwanamkasi Kiondo hakuwa na cheti.
Alikuwa na wino wa printa kwenye kucha
na miaka mitatu ya kufufua intaneti
kibandani kwa mjomba wake, nyuma ya stendi ya Kange.
Alikaa dakika sita hajagusa kitu.
Nikaandika: "Ana hofu."
Ndipo akabonyeza alama ya kuuliza.

Mashine huijibu alama hiyo, hukutajia kila inachoweza.
Wenye vyeti hawakuigusa, hata mmoja;
labda waliona haya mbele ya kitu kisicho na macho.
Yeye aliuliza mara thelathini na moja.
Nimehesabu, maana maabara ile haisahau kidole.

Akapata kosa la kwanza. La pili.
La tatu alilipata akicheka.
Halafu akageuka: "Na hili la nne, ulikusudia?"

La nne?
Mimi sikuweka la nne.
Nikasogeza kiti. Anwani ya Chumbageni, tarakimu moja,
tisa mahali pa sita: mkono wangu, usingizi wangu.

Kazi hii niliipata kwa simu moja ya baba mdogo.
Hakuna aliyenivunjia mji akaniambia, haya, utengeneze.

Jioni nikafuta "Ana hofu."
Nikaandika: "Aanze kesho."
Chini feni za duka la vitenge zimezimwa, baiskeli zimeondoka.
Nikafunga mlango,
na pale penye kosa langu, polepole,
nikabonyeza alama ya kuuliza.