Hatua Saba Hadi Bafuni

Mama alinisahau jina siku ya Jumanne.
Akaniita Mshangama, ambaye ni mdogo wake,
ambaye yuko kaburini Kisutu tangu mwaka wa mafuriko.
Sikumsahihisha. Niliitika.

Kabla ya hapo zilipotea funguo.
Tukazikuta ndani ya sufuria ya maharage,
zimeiva kuliko maharage yenyewe.
Tulicheka. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka.

Daktari wa Temeke alimwambia achore saa.
Mama, aliyekata vitambaa Urafiki miaka ishirini na sita
bila kupoteza hata inchi moja,
akazisonganisha namba zote upande mmoja
kama watu waliokimbilia kivuli.
Daktari akaandika dawa ya presha,
kisha akaweka kalamu chini:
"Atembee. Azungumze na watu.
Na kama aliwahi kucheza dansi, acheze."
Nilidhani nimesikia vibaya.

Ndiyo maana kila Jumamosi saa kumi
mimi, fundi bomba mwenye magoti ya saruji,
nimo ukumbini Keko na mama yangu mkononi.
Sakafu nyekundu. Feni moja inazunguka,
ya pili bado inafikiria.
Wazee kumi na wanne,
mikongojo yao imeegemezwa ukutani kama miavuli,
spika imefungwa kwa kamba ya katani.

Mwalimu Rweyunga, karani mstaafu wa reli,
hakubali mtu azoee.
Ukiijua chacha anakuletea rumba,
ukiijua rumba anabadilisha mguu wa kuanzia.
"Mguu ukizoea, kichwa kinasinzia," anasema,
na mama anamchukia kwa hilo,
anamsengenya njia nzima hadi Tandika
kwa jina lake na la baba yake,
majina ambayo, angalieni, hajayasahau.

Mimi huhesabu. Moja, mbili, tatu, nageuka,
namkanyaga.
"Acha kuhesabu," ananiambia. "Sikiliza besi.
Besi ndiyo inayojua tunakokwenda."
Na kiganja chake mgongoni mwangu kinanisukuma kidogo,
kama alivyonyoosha kitambaa kabla ya mkasi.
Kiganja kile hakijawahi kuniita Mshangama.

Sitaki kuwadanganya.
Jumapili huamka akauliza chai yake iko wapi
huku ameishika.
Marehemu mjomba bado hututembelea,
hukaa katikati ya sentensi, akaninyang'anya jina.
Namba za saa hazijarudi mahali pake.
Nilimuuliza daktari, akasema ubongo si bomba, fundi,
huwezi kuufungua ukaona palipoziba.
Lakini akasema njia ikifungwa,
mwili ukizoeshwa, mara nyingine hupita pembeni,
kama sisi tunavyozunguka vichochoro vya Chang'ombe
barabara ikichimbwa.
Mara nyingine, akarudia. Nililisikia neno hilo.

Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi.
Kutoka kitandani hadi bafuni ni hatua saba na kona moja,
na kona ile ilikuwa inammeza.
Nilizoea kumkuta jikoni
amesimama mbele ya friji, anabisha hodi.

Juzi, saa tisa usiku, nikasikia kandambili.
Mbili polepole, moja ya haraka.
Mbili polepole, moja ya haraka.
Nikainuka, nikakaa kitandani.
Kisha kimya. Pale pale penye kona.
Nikatafuta swichi kwa kidole.
Halafu sauti yake, ya chini, ya mtu anayemgombeza mwingine:
"Si huo, Mwantumu. Wa kushoto."
Na kandambili zikageuka.

Mlango wa bafuni una bawaba inayolia.
Tangu Ramadhani najiambia nitaitia mafuta.
Ililia.
Sitaitia mafuta.